Chigongi na taichi: mazoezi ya taratibu ya Wachina na afya ya mkazi wa Songea

MAZOEZI ya viungo yanapotajwa katika miji ya Tanzania, picha inayowajia wengi ni ya vijana wanaokimbia alfajiri kandokando ya barabara huku wakiimba, au ya wanaume wanaonyanyua vyuma katika vibanda vya mabati. Mjini Songea, ambako baridi ya Juni na Julai huwafanya watu wajifunike hadi jua lichomoze vyema juu ya Matogoro, picha hiyo huwaacha kando watu wengi. Mstaafu ambaye magoti yanamuuma hawezi kukimbia kutoka Mfaranyaki hadi Lizaboni. Fundi cherehani anayeshinda ameinama juu ya mashine, mwalimu aliyeambiwa kliniki kwamba shinikizo lake la damu limepanda, na bibi anayeogopa kuanguka kila aingiapo bafuni, nao hawamo katika picha hiyo.

Kwa watu wa aina hiyo yapo mazoezi ya namna nyingine, ambayo yamefanywa nchini China kwa karne nyingi na ambayo leo huonekana katika bustani za miji mikubwa ya dunia. Nayo ni chigongi na ndugu yake, taichi. Hayahitaji kiwanja kilichopimwa, viatu vya gharama wala mashine. Mtu husimama, huinua mikono polepole, hugeuza kiuno, huvuta na kutoa pumzi kwa mpangilio, na mawazo yake huyaelekeza kwenye kile anachokifanya. Anayetazama kwa mbali anaweza kudhani kwamba hakuna kinachofanyika. Ajaribu mwenyewe kwa dakika kumi, mapaja yatamwambia vingine.

Pumzi na kazi

Neno chigongi, ambalo Wachina huliandika qigong kwa herufi za Kirumi, limeundwa na maneno mawili. La kwanza, chi, maana yake ya msingi ni hewa, mvuke au pumzi. Katika falsafa na tiba ya Kichina maana hiyo ilipanuka hadi kuwa nguvu ya uhai, inayoaminika kupita mwilini katika njia zake maalumu. La pili, gong, ni kazi, au ustadi upatikanao kwa kazi ya muda mrefu. Kwa hiyo chigongi ni kazi ya pumzi, na tafsiri hiyo haina ugeni mkubwa kwa msemaji wa Kiswahili, kwani lugha yake yenyewe imeyaweka maneno pumua, pumzi na pumzika katika ukoo mmoja.

Taichi, kwa jina kamili taijiquan, ilianza kama sanaa ya mapigano. Wanahistoria wengi huifuatilia hadi kijiji cha ukoo wa Chen katika jimbo la Henan, karne ya 17, na hulitaja jina la Chen Wangting. Katika karne ya 19 Yang Luchan aliyejifunza kijijini hapo aliipeleka Beijing, na tangu hapo ikazaa mitindo inayoitwa kwa majina ya koo: Chen, Yang, Wu, Sun. Mwaka 1956 mamlaka ya michezo ya China ilitoa mfululizo uliofupishwa wa mikao 24, uliojengwa juu ya mtindo wa Yang, na mfululizo huo umefundishwa katika nchi nyingi. Desemba 2020 UNESCO iliiingiza taichi katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu.

Tofauti ya mazoezi haya mawili, kwa anayeanza, ni rahisi kuieleza. Taichi ni mfululizo mrefu ambao lazima ukaririwe, mkao mmoja ukizaa mwingine bila kukatika, na mara nyingi humtaka mtu atembee hatua kadhaa mbele na nyuma. Chigongi kwa kawaida ni miondoko michache inayorudiwarudiwa, mingi ikifanyika mahali pamoja. Ndiyo maana mwenye umri mkubwa, au asiye na mwalimu wa karibu, hushauriwa kuanza na chigongi.

Kutoka kaburini hadi bustanini

Ushahidi wa kale wa mazoezi haya ulipatikana mwanzoni mwa miaka ya 1970 katika makaburi ya Mawangdui, karibu na mji wa Changsha. Ndani ya kaburi lililofungwa mwaka 168 kabla ya Kristo, wachimbaji walikuta kitambaa cha hariri chenye michoro ya watu 44, wanaume kwa wanawake, wazee kwa vijana, wakinyoosha mikono, wakiinama na kujipinda. Baadhi ya michoro ina maelezo yanayotaja maradhi ambayo zoezi husika lilikusudiwa kuyatuliza, na mengine hutaja wanyama.

Mapokeo yanamtaja pia Hua Tuo, tabibu aliyeishi mwishoni mwa karne ya pili na mwanzoni mwa karne ya tatu, kuwa ndiye aliyepanga mchezo wa wanyama watano: chui milia, paa, dubu, nyani na ndege. Hoja yake inayosimuliwa katika historia za kale ni kwamba bawaba ya mlango unaofunguliwa kila siku haiozi. Mkulima wa Ruvuma ataielewa hoja hiyo upesi, maana jembe linalolala ghalani ndilo linaloshika kutu.

Hata hivyo, chigongi kama jina la fani nzima ya afya ni jambo la juzi tu. Liu Guizhen, kada wa jimbo la Hebei aliyekuwa akisumbuliwa na vidonda vya tumbo, alifundishwa mbinu za kale za kupumua na kutulia, na baada ya kupata nafuu alipewa na serikali jukumu la kuzieneza. Katika miaka ya 1950 ilifunguliwa nyumba ya matibabu kwa njia hiyo huko Beidaihe, pwani ya China. Yalipokuja Mapinduzi ya Utamaduni mwaka 1966, mazoezi hayo yalipigwa vita kama masalia ya ukale. Katika miaka ya 1970 mchoraji Guo Lin, aliyekuwa ameugua saratani, aliyarudisha hadharani kwa kuwafundisha wagonjwa katika bustani za Beijing namna ya kutembea kwa mpangilio wa pumzi.

Kilichofuata katika miaka ya 1980 kilikuwa kama mafuriko. Walimu walijaza viwanja vya michezo, wengine wakidai kuponya wagonjwa kwa kuwatumia nguvu kutoka mbali. Hata Qian Xuesen, mwanasayansi anayeheshimiwa nchini China kama baba wa makombora yake, alikuwa miongoni mwa waliounga mkono uchunguzi wa nguvu hizo. Wanasayansi wengine walipinga vikali. Mwaka 1999 serikali ilipiga marufuku kundi la Falun Gong na kuyabana makundi mengine mengi, kisha ikaunda chombo rasmi cha kusimamia chigongi ya afya. Mwaka 2003 chombo hicho kilichapisha mifululizo minne iliyosanifishwa, ukiwamo mchezo wa wanyama watano na ule unaoitwa Badwanjin, yaani vipande vinane vya hariri ya thamani. Huo wa mwisho ndio utakaoelezwa hapa kwa kirefu kidogo, kwa sababu ni mfupi na hauhitaji nafasi kubwa.

Wachina, tiba na Tanzania

Tanzania si mgeni katika tiba ya Wachina. Madaktari wa jimbo la Jiangsu walifika Zanzibar mwaka 1964, na wale wa jimbo la Shandong wakaanza kufanya kazi Tanzania Bara mwaka 1968. Tangu mwaka 1987 wataalamu wa tiba ya asili ya Kichina walishirikiana na Hospitali ya Muhimbili katika kuwahudumia watu wenye virusi vya Ukimwi, wakati ambapo dawa za kufubaza virusi hazikuwapo nchini. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ilileta maelfu ya Wachina Nyanda za Juu Kusini, ingawa haikupita Songea. Msafiri wa Ruvuma huikuta Makambako.

Utamaduni ulikuja kwa njia nyingine. Kizazi cha miaka ya 1980 na 1990 kiliijua China kupitia vibanda vya video, na kwa vijana wengi sanaa yoyote ya Kichina ilikuwa ni mateke ya filamu za kungfu. Mwaka 2013 Taasisi za Confucius zilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kufundisha lugha na utamaduni wa Kichina, na mwaka 2015 kikafunguliwa Kituo cha Utamaduni cha China jijini Dar es Salaam. Upande wa pole wa sanaa hizo, ule unaofanywa na wazee bustanini, haujulikani sana mikoani kama ule wa mateke.

Maji na risasi

Songea ina sababu yake ya kulitazama kwa makini jambo lolote linalozungumzia nguvu isiyoonekana. Vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hadi 1907 vilienea kwa imani ya maji yaliyotoka kwa Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, ambayo yaliaminika kuzifanya risasi za Wajerumani zisidhuru. Yalipofika Ungoni, yalikutana na watu waliokuwa na madai yao ya haki dhidi ya utawala wa kigeni. Risasi zilidhuru. Februari 27, 1906 Nkosi Mputa Gama na wenzake wengi walinyongwa mjini Songea, na kila mwaka siku hiyo hukumbukwa mahali ilipo Makumbusho ya Majimaji.

Jambo lisilojulikana kwa wengi ni kwamba China ilikuwa imepita njia hiyohiyo miaka michache kabla. Kundi la Yihetuan, ambalo Wazungu waliliita Mabondia, lilizuka katika jimbo la Shandong mwishoni mwa karne ya 19, eneo ambalo Wajerumani walikuwa wamejitwalia bandari. Wafuasi wake walifanya mazoezi ya ngumi, pumzi na kupandisha mizimu, wakiamini kwamba mwili uliofunzwa hivyo haupenyezwi na risasi. Mwaka 1900 majeshi ya mataifa manane, Ujerumani likiwamo, yaliingia China na kuwavunja. Shandong hiyohiyo ndiyo iliyokuja kuleta madaktari Tanzania Bara mwaka 1968.

Waliokwenda vitani pande zote mbili hawakuwa wajinga, na madai yao dhidi ya wageni yalikuwa ya kweli. Lakini historia hiyo inaonyesha mahali penye mpaka. Zoezi la pumzi linaweza kumtuliza mtu, kumpa ushupavu na kumkusanya na wenzake. Haligeuzi sheria za maumbile. Mpaka huo ndio unaovukwa leo pale mwalimu anapomwambia mgonjwa wa kisukari atupe dawa kwa sababu nguvu ya chi itamponya.

Tanzania ilikwisha kuonja uchungu wa ahadi za namna hiyo. Mwaka 2011 maelfu ya watu kutoka kila mkoa walisafiri hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, aliyefariki dunia mwaka 2021. Wapo waliokufa wakiwa katika foleni, na wapo walioacha dawa zao wakiamini wamekwisha kupona.

Sayansi inasema nini

Ukiondoa madai ya miujiza, kinachobaki si kidogo. Eneo lenye ushahidi ulio imara zaidi ni la kuanguka kwa wazee. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa na mtandao wa Cochrane mwaka 2019 yalionyesha kuwa taichi inaweza kupunguza idadi ya matukio ya kuanguka kwa takriban moja ya tano. Sababu zake zinaeleweka: uzito unahamishwa polepole kutoka mguu mmoja hadi mwingine, misuli ya mapaja na vifundo inaimarika, na ubongo unazoea kutambua mahali ulipo mwili bila msaada wa macho. Kwa mzee anayeishi kwenye nyumba yenye vizingiti na choo cha nje, katika mji uliojengwa juu ya miinuko kama Songea, faida hiyo si ya makaratasi. Nyonga iliyovunjika humlaza mtu kitandani kwa miezi, na mara nyingi binti au mkwe huacha shughuli zake kumuuguza.

Utafiti uliofanyika jimboni Oregon, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2012 uliwahusisha wagonjwa 195 wa Parkinson, ugonjwa unaoleta mtetemeko na kukakamaa. Waliofanya taichi mara mbili kwa wiki kwa wiki 24 walikuwa na mizani bora ya mwili kuliko waliofanya mazoezi ya uzito au ya kujinyoosha, na walianguka mara chache kuliko waliojinyoosha tu.

Kuhusu shinikizo la damu, mwaka 2024 ulichapishwa utafiti wa China uliowafuatilia kwa mwaka mmoja watu 342 ambao shinikizo lao lilikuwa limeanza kupanda lakini halijafikia kiwango cha ugonjwa. Nusu yao walifanya taichi, nusu nyingine mazoezi ya kawaida kama kutembea kwa haraka, kukimbia na kuendesha baiskeli. Wote saa moja, mara nne kwa wiki. Kipimo cha juu kilishuka kwa wastani wa milimita 7 za zebaki kwa waliofanya taichi, na takriban 4.6 kwa wengine. Ni tofauti ndogo, na watu hao hawakuwa wagonjwa waliokwisha kuanza dawa. Lakini inatosha kuonyesha kwamba mtu asiyeweza kukimbia hajakosa kila kitu.

Suala hilo lina uzito hapa nchini. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikadiria kuwa takriban mtu mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 ana shinikizo la juu la damu, na wengi wao hawakuwa wakijua. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi na kuhimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi itengwe kwa ajili hiyo. Mara moja kwa mwezi ni mwanzo mzuri, ila mishipa ya damu haina kalenda. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kila wiki kwa mtu mzima, na kwa wazee mazoezi ya kujenga mizani siku tatu au zaidi.

Kuhusu chi yenyewe, kama nguvu inayopita katika njia zake, hakuna kipimo cha maabara kilichoithibitisha. Kinachofahamika ni kwamba pumzi ndefu na ya taratibu, hasa pale kutoa kunapokuwa kurefu kuliko kuvuta, huamsha sehemu ya mfumo wa neva inayopunguza mapigo ya moyo na kuulegeza mwili. Mtu anaweza kunufaika na hilo bila kuikubali wala kuikataa falsafa ya Kichina, kama anywaye mchaichai asivyodaiwa kujua kemia yake.

Namna ya kufanya

Anayeanza huanza kwa kusimama tu. Miguu hupanuliwa kadiri ya upana wa mabega, nyayo zikielekea mbele, magoti yakilegezwa kidogo bila kukunjwa sana. Mgongo hunyooka, kidevu hurudi ndani kidogo, mabega huachwa yashuke. Pumzi huingia na kutoka puani, tumbo likijaa na kupungua kama la mtoto aliyelala. Dakika mbili au tatu za kusimama hivyo zinatosha kwa wiki ya kwanza. Wengi hushangaa kugundua kwamba mabega yao hukaa yamepanda mchana kutwa bila wao kujua.

Kipande cha kwanza cha Badwanjin huitwa kuitegemeza mbingu kwa mikono miwili. Vidole hufumbatana mbele ya tumbo, mikono hupanda polepole mbele ya kifua huku pumzi ikivutwa, viganja hugeuzwa vitazame juu, na mwili mzima hunyooshwa kama mtu anayejaribu kusukuma boriti. Husimama hapo kitambo kidogo bila kubana pumzi, kisha mikono hufunguka na kushuka pembeni pumzi ikitoka. Hurudiwa mara sita hadi nane.

Cha pili ni kuvuta upinde. Mguu mmoja hupelekwa pembeni, magoti hukunjwa kama mtu aliyepanda punda, mkono mmoja husukuma upande kana kwamba umeshika upinde na mwingine huvuta uzi hadi begani. Macho huufuata mkono unaosukuma. Kisha upande wa pili. Zoezi hili huufungua ule mgongo wa juu unaojikunja kwa cherehani, kompyuta na usukani wa bodaboda. Mwenye magoti mabovu asishuke chini; mikono na kifua vinatosha.

Katika kipande cha tatu kiganja kimoja husukuma juu na kingine chini kwa wakati mmoja, na katika cha nne kichwa hugeuzwa taratibu kutazama nyuma, bega hadi bega, bila kuupinda mgongo. Hiki cha nne humfaa hata aliyekaa ofisini, na hakimvutii mtu yeyote kumshangaa.

Cha tano na cha sita vinahitaji tahadhari. Kimoja humtaka mtu ashuke na kuzungusha kichwa na kiuno, kingine humtaka ainame hadi mikono ifike miguuni. Mwenye shinikizo la juu la damu, mwenye kizunguzungu au aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa macho hatakiwi kukishusha kichwa chini ya kiuno. Aishie kwenye mapaja, au aviache vipande hivyo kabisa. Cha saba ni kukunja ngumi na kuzisukuma mbele polepole huku macho yakikodolewa. Cha nane ni kuinuka juu ya vidole vya miguu na kushusha visigino kwa kishindo kidogo, mara saba. Mzee ashike ukuta, na mwenye mifupa dhaifu ashushe visigino bila kishindo.

Vyote vinane huchukua kama dakika 12 hadi 15. Nguvu inayotumika ni ya mtu anayetembea kwa mwendo wa wastani, hivyo mkulima anayeshinda shambani akilima hahitaji chigongi ili kuchosha misuli. Anaweza kuihitaji jioni ili kuunyoosha mgongo ulioinama tangu asubuhi. Wala haichukui nafasi ya ngoma. Anayeweza kucheza lizombe hadi jasho limtoke anafanya mazoezi makali kuliko haya, na aendelee.

Mahali si tatizo. Kipindi cha kiangazi uwanja wa shule au ua wa nyumba hutosha, na mvua zinapoanza baraza yenye upana wa hatua tatu inafaa. Mapema Julai, Songea ikiwa juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, ni vyema kuvaa sweta na kuanza kwa kutembea kidogo, kwani kujinyoosha kwa ghafla katika baridi huumiza. Ni vyema pia kupitisha angalau saa moja baada ya mlo wa ugali.

Tahadhari na maswali ya imani

Chigongi ya miondoko ni miongoni mwa mazoezi salama sana, lakini haikosi madhara. Magoti huumia pale mtu anaposhuka chini mno au anapoliacha goti lielekee ndani. Kubana pumzi hupandisha shinikizo la damu. Yapo pia madhara ya akili, ambayo hutokea zaidi kwa wanaokaa saa nyingi katika tafakari nzito wakitafuta nguvu zisizo za kawaida. Wachina wenyewe huyaita kuukaribisha moto na kuingiliwa na pepo, na mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani wa mwaka 1994 uliyataja. Mtu aliyewahi kuugua ugonjwa wa akili abaki na miondoko mifupi na aachane na tafakari ndefu.

Swali jingine huulizwa na watu wa dini, na Songea ni makao ya jimbo kuu la Kanisa Katoliki yenye abasia ya Wabenediktini jirani, huko Peramiho. Je, kufanya chigongi ni kuabudu? Oktoba 1989 ofisi ya Vatikani ya mafundisho ya imani, chini ya Kardinali Joseph Ratzinger ambaye baadaye alikuwa Papa Benedikto wa 16, ilitoa barua kuhusu tafakari ya Kikristo iliyogusa mbinu za Mashariki kwa jumla. Haikuzikataa moja kwa moja. Ilionya kwamba utulivu unaoletwa na mkao na pumzi usidhaniwe kuwa ndiyo faraja ya Roho Mtakatifu. Kwa Muislamu pia, zoezi la viungo lisilo na dua wala sanamu ya mtu mwingine hubaki kuwa zoezi la viungo. Mwalimu anayeanza kudai kiapo, uvumba au utii usiohojiwa amekwisha kutoka kwenye afya, na mwanafunzi yuko huru kutoka naye ukumbini.

Mwenye shinikizo la damu, kisukari au ugonjwa wa moyo anapaswa kumweleza mganga wake kabla ya kuanza, iwe katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Ruvuma, Hospitali ya Misheni Peramiho au zahanati ya kata, na kuendelea kunywa dawa kama alivyoandikiwa. Ikiwa vipimo vitashuka baada ya miezi kadhaa, uamuzi wa kupunguza dawa ni wa daktari. Maumivu ya kifua, ganzi ya upande mmoja, kizunguzungu kisichokoma au pumzi kukatika ni dalili za kuacha zoezi papo hapo na kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Wasioweza kusimama hawajafungiwa mlango. Vipande vya kwanza, vya tatu na vya nne hufanyika mtu akiwa ameketi kwenye kiti kisicho na magurudumu, nyayo zote mbili zikigusa sakafu. Kwa aliyepooza upande mmoja baada ya kiharusi, mkono mzima huushika ule dhaifu na kuupandisha nao, na anayemuuguza husimama upande ulio dhaifu, mkono wake ukiwa tayari nyuma ya bega la mgonjwa.